Nyuzi za Stadi Zilizong'oka Kwenye Hedi ya Injini: Mambo ya Kuafikiana na Fundi

Mlaji anapopeleka gari gereji asubuhi ili libadilishwe gasketi ya manifoldi ya egzosi, hutarajia kulichukua jioni. Alasiri hupigiwa simu: "Bosi, stadi moja imegoma kushika. Hedi imekufa, tutafute nyingine." Kazi ya saa chache imegeuka kuwa ununuzi wa hedi iliyotumika, gasketi mpya ya hedi, mafuta, maji ya kupozea na ufundi wa siku mbili au tatu. Walio wengi hukubali, kwa kuwa hawana la kujibu. Somo hili linakusudia kuwapa la kujibu.

Stadi ni ufito mfupi wa chuma wenye nyuzi katika ncha zake. Ncha moja huzamishwa ndani ya hedi, nyingine hubaki nje na kupokea nati. Nyuzi ni ile mikato inayozunguka bolti na ukuta wa tundu lake. Kamusi huiita hesi, nao mafundi wetu huiita thredi. Nyuzi za tundu zikiisha, stadi huzunguka bila kukaza, au hutoka mkononi pamoja na vipande vya madini meupe vilivyonasa katika mikato yake. Vipande hivyo ndivyo ukuta wa tundu wenyewe.

Sababu ni rahisi kuielewa. Hedi za magari mengi madogo ya leo ni za aluminiamu, madini mepesi yanayopitisha joto vizuri lakini laini kuliko chuma cha stadi. Vitu viwili vikishindana, kilicho laini ndicho kinachoumia. Aidha, aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, na upande wa egzosi hupashwa moto mkali na kupoa kila safari. Ongeza hapo unyevu unaozua kutu kati ya madini hayo mawili, kisha spana ndefu mikononi mwa kijana mwenye nguvu na haraka, na nyuzi zitang'oka.

Si haki, hata hivyo, kumlaumu fundi kila mara. Katika injini za Toyota za aina ya 2AZ-FE zilizotengenezwa miaka ya mwanzo ya 2000, nyuzi zinazoshika bolti za hedi ndani ya bloku ya aluminiamu zimejulikana kung'oka zenyewe, hasa safu ya nyuma, hata kama gari halijawahi kufunguliwa. Fundi anayeikuta hitilafu ya namna hiyo na kumwita mwenye gari aione kabla ya kuendelea ametenda ipasavyo.

Matengenezo yaliyo halali

Tundu lililopoteza nyuzi halifanyi hedi kuwa chakavu. Hutengenezwa kwa kulipanua kidogo, kulikatia nyuzi mpya zilizo kubwa zaidi, kisha kuvisha ndani yake kipande cha chuma kigumu chenye nyuzi za kipimo kilekile cha awali. Kipande hicho huwa cha aina mbili. Ya kwanza ni koili ya waya wa chuma cha pua, mfano wa springi iliyobanwa, ambayo mafundi wengi huiita Helicoil kwa jina la mtengenezaji mmojawapo. Ya pili ni bushi nzima yenye nyuzi ndani na nje. Bushi ni ghali zaidi, nayo hufaa pale panapofunguliwa mara kwa mara, kama vile tundu la plagi.

Mlaji asidhani kwamba hiki ni kiraka. Koili za namna hii zilitumika katika injini za ndege wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na hadi leo ziko mashine zinazotoka kiwandani zikiwa nazo. Stadi sasa inashikwa na chuma, na mzigo wake unagawanywa juu ya nyuzi pana zaidi za aluminiamu. Ikifanywa kwa uangalifu, sehemu hiyo huwa imara kuliko ilivyokuwa.

Neno "kwa uangalifu" ndilo lenye uzito. Tuchukue stadi ya milimita 8, ambayo ni ya kawaida upande wa egzosi. Tundu lake la asili hutobolewa kwa drili ya takriban milimita 6.8 kabla ya kukatwa nyuzi. Ili kupokea koili, hupanuliwa hadi takriban milimita 8.3. Kisha hukatwa kwa tapu maalumu inayouzwa pamoja na koili hizo. Tapu ya kawaida ya milimita 8 haifai, na fundi asiye na ile maalumu hana vifaa vya kazi hii. Drili ni lazima iingie wima kabisa. Ikiinama, stadi nayo itainama, manifoldi haitaketi sawasawa, na gasketi mpya itaungua upande mmoja. Ndiyo maana mafundi makini hutumia kiongozi cha drili, au hufungua hedi na kuipeleka kwa mkereza chuma.

Koili hupakiwa mpaka mwisho wake wa juu uwe chini kidogo ya uso wa hedi, na ile ncha yake ya kushikia huvunjwa na kuondolewa. Urefu nao si jambo la kubahatisha. Katika aluminiamu, stadi huhitaji kushikwa kwa urefu wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya kipenyo chake; kwa milimita 8, hiyo ni kati ya milimita 12 na 16. Mizunguko mitatu inayoshika mdomoni mwa tundu itakaza siku ya kwanza na kulegea baadaye.

Tundu la plagi linastahili tahadhari ya pekee, kwa sababu linafunguka moja kwa moja ndani ya silinda. Chenga za madini zikidondoka humo zitachuna kuta zake. Fundi mwenye hedhari hupaka tapu grisi ili inase chenga, huitoa na kuifuta mara nyingi, na hunyonya yaliyosalia kabla ya kuwasha injini. Plagi yenyewe ifunguliwe injini ikiwa imepoa. Mtengenezaji wa gari hutaja nguvu ya kuikaza; kwa plagi nyingi za milimita 14 zinazoingia katika aluminiamu ni kati ya nyutoni mita 20 na 30, kiasi kidogo kuliko mkono wenye spana ndefu unavyodhani.

Njia za mkato

Tumezisikia nyingi. Kuna kuviringisha waya mwembamba au uzi wa mkonge kwenye stadi ili ikaze. Kuna gundi ya chuma ya kuchanganya, ambayo kwenye kifuniko kisicho na joto wala mzigo huenda ikavumilia, lakini upande wa egzosi haidumu. Kuna kulazimisha bolti kubwa zaidi ijikatie njia yenyewe, jambo linaloweza kupasua ukuta na kuifanya hedi iliyokuwa ikitengenezeka isitengenezeke tena. Na kuna njia iliyo nyepesi kuliko zote: kuiacha stadi hiyo bila nati, kwa hoja kwamba zilizobaki zinatosha.

Hazitoshi. Manifoldi isiyobanwa sawasawa huvujisha moshi. Asubuhi, injini ikiwa baridi, husikika mlio wa tak-tak unaopungua gari likipata moto. Katika moshi huo mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua. Moshi unaovuja ndani ya boneti unaweza kuvutwa na feni ya hewa hadi ndani ya gari, ambako watoto wamelala kiti cha nyuma katika foleni. Kwa hiyo mlio huo usizoeleke.

Kabla ya kukubali hedi nyingine

Omba kuliona tundu. Ni haki yako, na fundi mkweli hataudhika. Mwulize ni tundu lipi, kama pana ufa, na kama anavyo vifaa vya kuvisha koili au bushi. Akikosa vifaa, si lazima kazi ibaki kwake. Uliza gharama ya kupeleka hedi kwa mkereza chuma kabla hujauliza bei ya hedi iliyotumika. Hedi hiyo ya pili nayo imetoka katika injini ambayo huijui historia yake, na stadi zake zimepitia moto uleule.

Yapo matukio ambapo fundi anayesema hedi haifai anasema kweli: ufa umefika kwenye njia ya maji, ukuta wa tundu umebaki mwembamba mno, au mtu wa kwanza alitoboa kombo na kuharibu nafasi ya kurekebisha. Hapo huenda kukawezekana kujaza kwa kuchomelea aluminiamu, lakini joto la kuchomelea hupinda hedi, hivyo uso wake sharti upimwe na kusawazishwa upya. Linganisha gharama zote, si ya kuchomelea peke yake.

Iwapo nyuzi ziling'oka mikononi mwa gereji, lizungumzeni jambo hilo siku ileile, kabla kazi haijaendelea. Andikeni, hata katika ujumbe wa simu, nani atagharamia nini. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha au kumdanganya mlaji katika biashara. Kumwambia mteja kwamba hedi imepasuka ilhali ni tundu moja tu lililopoteza nyuzi si lugha ya biashara tu.

Unapolichukua gari, dai risiti ya EFD inayotaja kazi iliyofanywa. Maneno "ufundi wa injini" hayakusaidii. "Kuvisha koili M8, tundu la pili egzosi" yatakusaidia kwa fundi yeyote atakayefuata. Omba na stadi ya zamani, uihifadhi pamoja na risiti. Baada ya siku chache za kuendesha, rudi asubuhi injini ikiwa baridi, nati zikaguliwe kwa spana ya kupimia nguvu, nawe usimame pembeni usikilize inapowashwa.