SOMO LA ROBO HII: MPAKA MMOJA, MITAZAMO MIWILI KUHUSU USAWA



Kutoka Horohoro, wilayani Mkinga, ukivuka geti unaingia Lunga Lunga, Kaunti ya Kwale nchini Kenya. Wadigo wapo pande zote mbili. Wanaoana na kuzikana. Hata hivyo, ndugu hawa walikua chini ya sera tofauti za shule na tiba. Somo hili linaeleza jinsi itikadi za siasa zinavyoamua nani apate huduma na nani alipe. Lengo si kusifu nchi moja na kulaumu nyingine, bali kuzisaidia kamati zetu zinapopanga miradi na michango.

1. Itikadi ni nini?

Itikadi ni jumla ya mawazo kuhusu namna jamii inavyopaswa kuendeshwa. Anayeamini kuwa umaskini unatokana na wachache kumiliki mali atataka serikali itoe huduma kwa wote. Anayeamini kuwa uchumi ukue kwanza ataelekeza fedha panapozalisha zaidi. Wote wawili hutumia neno "usawa". Wa kwanza ana maana ya kupata huduma sawa. Wa pili, nafasi sawa ya kujitafutia.

2. Njia mbili

*Tanzania.* Februari 1967 TANU ilitangaza Azimio la Arusha. Njia kuu za uchumi ziliwekwa mikononi mwa umma, yakiwemo mashamba mengi ya mkonge mkoani Tanga. Huduma zilihesabiwa kuwa haki ya raia. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973, na mwaka 1977 ukaanza mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Mwaka huohuo sheria ilizuia tiba binafsi ya kutafuta faida, ingawa hospitali za mashirika ya dini ziliendelea. Watoto wengi wa maskini walisoma kwa mara ya kwanza. Lakini walimu waliandaliwa kwa haraka, watu wengi walihamishiwa vijijini kwa nguvu, na uchumi uliposhuka dawa na vitabu viliadimika.

*Kenya.* Waraka wa Bunge Na. 10 wa mwaka 1965 ulizungumzia usoshalisti wa Kiafrika, lakini ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yatakayoongeza uzalishaji zaidi. Wananchi walihimizwa kujenga shule na zahanati kwa Harambee. Shule nyingi za sekondari zilipatikana kwa njia hiyo. Ila penye kipato zilijengwa upesi, na maeneo ya pembezoni yakabaki nyuma. Ndiyo maana Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 204, iliunda Mfuko wa Usawazishaji kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyosahauliwa. Kwale ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 zilizotajwa mwanzoni.

Nchi hizi zilirushiana maneno. Upande huu ulisema kule mtu humla mtu. Kule wakajibu kwamba huku mtu hana cha kula. Mwaka 1977 mpaka ulifungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983.

3. Njia zikakaribiana

Tanzania iliruhusu tena tiba binafsi mwaka 1991, na mwaka 1993 ikaanzisha uchangiaji hospitalini. Mwaka 1992 serikali na makanisa walitia saini makubaliano kuhusu huduma za jamii. Kwa upande mwingine, Tanzania ilifuta upya ada za shule za msingi kupitia mpango wa MMEM ulioanza mwaka 2002, na Kenya ikafuta mwaka 2003. Katika afya, Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ilianza mfumo mpya wa bima Oktoba 2024. Kote wenye kipato wanachangia. Swali linabaki: nani atambuliwe kuwa hana uwezo, na nani amlipie?

4. Fundisho kwa kamati na wahisani

Tuchukue mfano. Kamati ina fedha za kisima kimoja na vijiji viwili vinakihitaji. Cha kwanza kiko barabarani na kimeshakusanya mchango. Cha pili kiko mbali na hakina cha kuchanga. Anayesema "tuanze na waliochangia" anafuata mawazo ya mwaka 1965. Anayesema "tuanze na wenye shida zaidi" anafuata ya mwaka 1967. Kila mmoja ana hoja: kisima kisicho na fedha za matengenezo hufa, na kinachojengwa kwa wenye uwezo tu huongeza pengo.

Kwa hiyo tunashauri:

(a) Mchango upangwe kwa kadiri ya uwezo, na nguvu kazi ihesabiwe kuwa mchango.

(b) Orodha ya wanaosamehewa iandikwe kabla huduma haijaanza, ili mjane asiombe huruma mbele ya watu.

(c) Fedha za matengenezo zitengwe tangu mwanzo.

(d) Wahisani wanaodai kiasi kilekile kutoka kila kijiji watambue kwamba sharti hilo tayari limechagua kijiji.

Maswali ya kujadili

1. Katika usharika wetu, nani hafikiwi na huduma zetu, na kwa sababu gani?
2. Mradi wetu wa mwisho ulikwenda kwa wenye mchango au kwa wenye shida zaidi? Nani aliamua?
3. Tukifuta ada leo, nani atalipia matengenezo mwakani?

Majibu yenu yaandikwe katika muhtasari wa kikao na kuletwa ofisi ya miradi pamoja na taarifa ya robo mwaka.