Kuhukumu Kabla ya Hukumu



Tulipopita Makutano, pale Meru, tuliketi mkahawani kunywa chai. Gazeti lilikuwa likipita mkono kwa mkono, na ukurasa wa kwanza mna picha ya kijana aliyeshikwa kwa wizi wa mabavu. Kesi haijasikizwa, wala shahidi hajaapishwa, lakini wanywa chai walikwisha kumfunga. Tuliona haya, kwani ndivyo tufanyavyo nasi katika mabaraza yetu ya pwani.

Huenda mtu akasema: "Gazeti lina dhara gani? Hata wazee wa baraza waliokuwa wakimshauri jaji waliondolewa Kenya mwaka 2007. Jaji ni mtu wa elimu, habababaishwi na maneno ya njiani."

Twajibu: jaji hakuwako jambo lilipotendeka. Hukumu yake yasimama juu ya ushahidi, na shahidi ni msomaji wa gazeti kama sisi. Aliyemwona mwizi gizani kwa dakika moja, kisha akaiona picha asubuhi, akipelekwa kwenye gwaride la utambulisho atamnyoshea kidole nani? Atamtambua yule wa pichani, naye adhani kwa moyo safi kuwa ndiye wa usiku. Hakukusudia uwongo, lakini asiye na hatia huenda akafungwa.

Tukumbuke na Kapenguria. Jomo Kenyatta alikwisha kutangazwa kichwa cha Mau Mau kabla Hakimu Thacker hajamhukumu miaka saba, tarehe 8 Aprili 1953. Mwaka 1958 Rawson Macharia, shahidi mkubwa wa serikali, aliapa kuwa ushahidi wake ulikuwa wa uwongo. Mfungwa alikuwa angali kifungoni.

Hatusemi magazeti yanyamaze. Kesi ya siri ni mlango wa dhuluma, na Ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yataka kesi isikizwe hadharani. Lakini ibara hiyo hiyo yamhesabu mshitakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike kinyume chake. Na Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuichunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta.

Basi mwandishi na aandike yaliyosemwa mahakamani, asitangulie kuitoa picha kabla ya gwaride, na mtu akiachiliwa, habari hiyo nayo ipewe ukurasa wa kwanza. Nasi tuzizuie ndimi zetu.

Picha ya kijana wa Makutano tuliiona. Mwisho wa kesi yake twautafuta hata leo, hatujauona katika ukurasa wowote.