Kabla Hujatuma Hela ya Sola: Pima Paneli Ukiwa Mbali

Wengi wetu tulio ugenini tumeshatuma hela ya sola nyumbani. Paneli inafungwa juu ya bati, picha inakuja WhatsApp, baada ya wiki mbili mama anapiga simu: taa zinazima saa tatu usiku. Leo tujifunze kuikagua paneli kwa hesabu nyepesi, hata ukiwa Muscat au Doha.

Wati za kwenye lebo

Kiwandani paneli hupimwa kwa masharti maalumu: mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati mchana, seli zinaweza kufika nyuzi 60. Paneli nyingi hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi. Nyuzi 35 mara 0.4 ni asilimia 14. Kwa hiyo wati 100 zikishuka hadi 86, paneli haina kosa.

Kipimo cha kwanza: futi ya fundi

Aliyeko dukani apime urefu na upana, apige na picha ya lebo ya nyuma. Tuchukulie ni mita 1 kwa nusu mita, yaani eneo la 0.5. Jua kali linamwaga hapo wati 500. Sasa gawa wati za lebo kwa 500:

- Lebo ya wati 100: asilimia 20. Sawa, paneli nyingi za sasa ziko kati ya 17 na 23.
- Lebo ya wati 300: asilimia 60. Hakuna paneli ya dukani inayofika hapo. Usibishane na muuzaji, ondoka.

Kipimo cha pili: testa

Volti peke yake zinadanganya. Hata kukiwa na mawingu, volti hupanda karibu na zile za lebo. Ukweli uko kwenye ampia.

Fundi aichomoe paneli kwenye kontrola na betri, aielekeze kwenye jua la saa sita mbingu ikiwa safi, kisha apime ampia za DC kwenye nyaya zake mbili. Alinganishe na namba iliyoandikwa "Isc". Lebo ikisema 6 na testa ikasoma 5 na zaidi, vizuri. Ikisoma 3, kuna tatizo.

Tahadhari: afunike paneli kwa kitambaa kizito kabla ya kuunganisha na kabla ya kutoa nyaya. Testa ya ampia 10 isitumike kwa paneli yenye Isc kubwa zaidi. Na asipime ampia namna hii kwenye betri, ni hatari.

Hesabu ya mfukoni

Bei igawe kwa wati za kweli. Tuseme paneli A ni shilingi 150,000, wati 100 za kweli: kila wati 1,500. Paneli B ni 180,000, lebo inasema 300, ila za kweli ni 80: kila wati 2,250. Ile iliyoonekana rahisi ndiyo ghali.

Kwa hiyo tuma kwa mafungu. Kabla ya picha ya lebo na vipimo vya futi kufika, hela isitoke. Ya fundi ibakize, umalizie akishakutumia picha ya testa. Jasho lako la miezi mitatu lisiishie kwenye lebo.