Dawa ya mafua si dawa ya usingizi

SWALI: Daktari, ninaishi Silver Spring, Maryland, mimi na mume wangu na mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, mwenye miezi saba na nusu. Baada ya wiki tatu tunasafiri: kwanza London kwenye harusi ya shemeji yangu, halafu Amsterdam na Paris, jumla siku kumi na mbili. Ndege inaondoka Dulles usiku na kufika asubuhi. Nahofia kilio chake, na macho ya abiria. Mama yangu yuko Tanga, ameniambia nimpe nusu kijiko cha Piriton saa moja kabla ya kupanda, kwamba hata sisi tulipewa hivyo kwenye mabasi na tuko wazima. Shoga zangu wa hapa wanasema bora Benadryl. Nitumie ipi, na kiasi gani? Mama pia anasisitiza nisiache mbeleko, ingawa tumenunua kigari kizuri. Kliniki nitampeleka tukirudi, maana Ulaya hakuna maradhi ya kutisha, na mama anasema surua huchanjwa miezi tisa.
Mama Kijana, Silver Spring

JIBU: Mwanangu, umeuliza ipi na kiasi gani. Hakuna hata moja, na hakuna kiasi.

Swali hili limenifikia mara nyingi kiasi kwamba nikiona neno “safari” na neno “mtoto” kwenye mstari mmoja, najua Piriton iko mstari wa tatu. Zamani lilikuwa swali la basi la Mwanza. Siku hizi ni la ndege ya Istanbul, ya Doha, na sasa la kwako. Usafiri umebadilika, chupa haijabadilika.

Piriton na Benadryl inayouzwa Marekani ni dawa za mzio: pua inayochuruzika, macho yanayowasha, vipele vya kuwasha. Usingizi haukuwa kusudi la waliozitengeneza. Ni athari ya pembeni, kitu ambacho dawa inakufanyia bila kuombwa. Mtu mzima akimeza kidonge akasinzia ofisini, atachekwa na wenzake na mambo yataishia hapo. Mtoto wa miezi saba ini lake bado linajifunza kazi, uzito wake ni kilo nane au tisa, na nafasi kati ya kiasi cha kumsinzisha na kiasi cha kumdhuru ni nyembamba mno. Usipime nafasi hiyo kwa kijiko cha jikoni. Na kijiko chenyewe ni kipi? Nyumba moja ina vijiko vya chai vya aina tatu, na hakuna kinachobeba sawa na mwenzake.

Tena usingizi wa dawa si usingizi. Mtoto aliyelala kwa njia ya kawaida, shingo ikipinda akakosa hewa, au pua ikifunikwa na nguo yako, hushtuka, hujigeuza, hulia. Kilio hicho unachokiogopa ndicho kengele yake. Ukishamlewesha kwa dawa umeizima kengele, halafu unamweka kwenye mapaja, kwenye kiti chembamba, gizani, kwa saa saba, na wewe mwenyewe umechoka na utasinzia. Hewa ya ndani ya ndege inaposafiri juu ni kama ya mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400, yaani kama mtu aliye Njombe au juu yake kidogo. Watoto wa Njombe wanakulia humo wakiwa wazima, na wako hataona tofauti. Lakini si mahali pa kuanza kuchezea pumzi zake.

Kuna pia watoto ambao dawa hizi huwafanyia kinyume. Badala ya kulala, mtoto anawaka. Anajinyonganyonga, anapiga kelele, moyo unamwenda mbio, na hiyo ni safari nzima. Huwezi kujua wako ni yupi mpaka umempa. Wazazi wengine huambiwa “mjaribishe nyumbani kwanza”, ushauri ambao sijui nani aliuanzisha, maana hatari ni ileile, umeihamishia tu chumba cha kulala.

Mama yako anasema mlipewa na mko wazima. Namheshimu, na najua alifanya hivyo kwa mapenzi. Lakini waliopona ndio wanaosimulia. Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari kijana katika hospitali moja ya mkoa, aliletwa alfajiri mtoto wa miezi mitano kutoka kwenye basi la usiku. Alikuwa amepewa dawa ya mafua saa mbili, na kwa kuwa hakulala, akaongezewa saa nne. Alilegea mikononi mwangu kama kitambaa kilicholoa, pumzi zikija moja moja. Tulimweka kwenye oksijeni mpaka mchana ndipo akafungua macho. Mama yake aliniambia jambo ambalo sijalisahau: saa saba usiku alijaribu kumnyonyesha, mtoto hakuamka, naye akaona asubiri wafike mwisho wa safari asiwasumbue abiria. Saa tano nzima alisubiri, ili asiwasumbue abiria.

Ukiniona mimi ni mzee wa mikoani mwenye hofu zake, basi sikiliza majirani zako. Mwezi Januari 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tangazo kwamba dawa za kikohozi na mafua zinazouzwa bila cheti cha daktari, zikiwemo hizi za mzio, wasipewe watoto walio chini ya miaka miwili. Sababu waliyoitaja ni degedege, mapigo ya moyo kwenda mbio, kupoteza fahamu, na vifo. Makao makuu yao leo yako White Oak, barabara ya New Hampshire, hapohapo Silver Spring. Inawezekana unapita mbele ya geti lao ukienda kununua maziwa.

Na hizo chupa msizibebe hata “kwa tahadhari”. Ukifika London ukaiona Benadryl dukani, jina ni lile ila dawa iliyo ndani ni nyingine. Watu wamewahi kuumia kwa kuamini majina.

Kabla hujaniuliza: asali hapana, mtoto hajatimiza mwaka, na asali inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayopooza misuli. Gripe water haitamdhuru sana lakini haitamlaza. Mafuta ya nazi ya uvuguvugu masikioni hayafanyi lolote juu ya presha ya ndege, kwa sababu presha hiyo iko upande wa pili wa ngoma ya sikio. Masikio huumia zaidi ndege inapoanza kushuka, kama nusu saa kabla ya kutua. Kumeza ndiko kunakoyafungua. Mwamshe, mnyonyeshe. Maziwa ya mtoto, ya kwako au ya kopo, huruhusiwa kupita ukaguzi wa Dulles hata yakizidi kipimo cha vimiminika vingine. Mwambie tu ofisa kabla hajakuuliza. Kwa masikio yatosha.

Akilia, atalia. Ndege ya usiku inakusaidia: mwogeshe nyumbani, mvalishe nguo zake za kulalia, mnyonyeshe taa zikizimwa, na mume wako atembee naye kwenye ujia zamu yake ikifika. Nasema mume wako kwa makusudi. Huko Ulaya saa zitakuwa mbele tano au sita, naye ataamka usiku wa manane akitaka kucheza kwa siku mbili tatu. Mtoeni nje kwenye mwanga asubuhi, atajirekebisha mwenyewe kabla yenu.

Sasa ile sentensi yako ya mwisho, iliyonifanya niweke kalamu chini. Kliniki ukirudi. Ulaya hakuna maradhi.

Mwaka 2024 eneo la Ulaya, jinsi Shirika la Afya Duniani linavyolihesabu, lilisajili wagonjwa wa surua zaidi ya 127,000, idadi kubwa kuliko mwaka wowote tangu 1997. Zaidi ya nusu yao walilazwa hospitali. Watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya asilimia arubaini. Si lazima hata uvuke bahari. Machi 2025 idara ya afya ya Maryland ilitangaza mgonjwa wa surua, mkazi wa kaunti ya Howard, jirani zenu, aliyekuwa ametoka safari ya nje, na watu waliopita Dulles siku aliyotua wakaombwa wajichunguze. Kirusi cha surua hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Wasio na kinga kumi wakikaa naye, tisa wataugua. Sasa hesabu wewe: foleni ya uhamiaji, ukumbi wa harusi wenye wageni wa kutoka kila pembe, treni ya kwenda Paris, na mtoto ambaye kinga aliyoipata tumboni mwako imekwisha au inakaribia kwisha.

Mama yako hajakosea kuhusu miezi tisa. Huo ndio utaratibu wa Tanzania: miezi tisa, kisha miezi kumi na minane. Marekani wao huanza mwaka mmoja. Lakini ratiba zote mbili zimepangwa kwa mtoto anayekaa nyumbani. Mtoto wa Marekani anayesafiri nje ya nchi akiwa na miezi sita hadi kumi na mmoja anatakiwa apewe dozi moja ya mapema ya MMR, chanjo ya surua, kabla ya safari. Dozi hiyo haihesabiwi kwenye ratiba yake, akitimiza mwaka ataanza zile mbili za kawaida kama kwamba hakuchanjwa. Usije ukaruka moja ukidhani umeshamaliza.

Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka. Wewe una tatu. Kwa hiyo usiniambie “tukirudi”, na usiniambie “wiki ijayo”. Funga gazeti upige simu. Sema: “Mtoto ana miezi saba, tunasafiri tarehe fulani, naomba MMR ya mapema.” Wakikuambia nafasi ipo mwezi ujao, usishukuru ukakata simu. Rudia tarehe ya safari, omba miadi ya nesi ya chanjo tu, na wakishindwa, uliza idara ya afya ya kaunti ya Montgomery. Aibu ya kusumbua watu kwenye simu ni ileile ya kuogopa kusumbua abiria, na nimeshakusimulia inakofikisha. Wewe na mume wako pia tafuteni kadi zenu. Wengi waliozaliwa Tanzania walipata dozi moja tu utotoni, na msafiri mtu mzima anahitaji mbili.

Siku hiyohiyo kliniki wampime uzito, wamwangalie masikio, na wakuandikie kiasi chake cha dawa ya homa kwa miligramu. Sisitiza miligramu, usikubali vijiko. Dawa tunayoiita Panadol nyumbani, huko kwenu ni Tylenol, London ni Calpol, Paris ni Doliprane. Tylenol ya watoto wachanga ina miligramu 160 katika mililita 5, Calpol ya wachanga ina 120. Ya Ufaransa huja na bomba lililoandikwa kilo za mtoto badala ya mililita. Mzazi anayebeba hesabu ya chupa moja akaihamishia kwenye nyingine hukosea bila kujua. Beba chupa ya huko kwenu na bomba lake, na hiyo ni ya homa na maumivu, si ya usingizi, nisije nikasingiziwa.

Akipata homa huko akawa analegea, au anakataa ziwa, anapumua kwa kasi, mbavu zikiingia ndani, au saa nane zimepita hajakojoa, mpelekeni hospitali saa ileile. Namba ya dharura Ulaya ni 112, nayo hufanya kazi Uingereza pia pamoja na 999. Msimsubirie daktari wake wa Silver Spring mliyemzoea. Kama ana bima ya Medicaid, jueni kwamba haitalipa bili ya nje ya Marekani, kwa hiyo kateni bima ya safari kabla ya kuondoka ili pesa isiwe sababu ya kukaa hotelini mkisubiri kupambazuke. Mkisharudi, kwa wiki tatu, homa ikija na upele piga simu kliniki kabla ya kwenda, wawatengee mlango, maana kuna wachanga wengine kwenye mabenchi.

Na kigari. London mtasukuma vizuri. Amsterdam kuna ngazi za nyumba zilizosimama wima kama za kupandia mnazi. Paris, vituo vingi vya treni za chini ya ardhi havina lifti, ni ngazi za kushuka, kona, na ngazi za kupanda tena, mmoja wenu ameshika magurudumu ya mbele na mwingine ya nyuma, huku umati unawasukuma. Katika mambo matatu aliyokuambia mama yako, mbeleko ndilo aliloliona sawasawa kuliko yote. Chukua mbili, moja itachafuka kwenye ndege.