Kumuandaa Kijana wa Sekondari kwa Kazi na kwa Maisha



Katika darasa letu la baada ya Isha tulipata kuwauliza vijana wachache, wote wamemaliza sekondari, swali moja jepesi: lau ukiambiwa kesho asubuhi ulete barua ya kuomba kazi, utaandika nini? Wengi wao walisema watamtafuta mtu wa kuwaandikia. Wengine wakaandika barua zilizoanza kwa kueleza dhiki za nyumbani kwao, kana kwamba mwenye kazi ni mwenye kutoa sadaka. Na mmoja, ambaye alama zake katika mtihani zilikuwa bora kuliko za wenziwe wote, aliandika ukurasa mzima wa maneno mazito mazito, asitaje ni kazi gani aitakayo wala ni siku gani aweza kuanza.

Hatukucheka, kwa kuwa wa kuchekwa si wao. Kijana huyu amekaa skulini miaka kumi na miwili. Amefundishwa mito ya nchi za mbali na milinganyo ya aljebra, na hayo yote ni kheri wala hatuyadharau. Lakini hapana hata mtu mmoja aliyekaa naye nusu saa akamwonyesha barua ya kazi yaandikwaje, hati ya mshahara yasomwaje, na mkataba hutiwa saini baada ya kutazamwa nini. Twamtoa chuoni tukamwambia, "Nenda katafute," naye hajui hata mlango ulipo.

Wako watakaosema kwamba mambo haya si kazi ya skuli, hufunzwa nyumbani. Neno hili lilikuwa kweli zamani. Tazameni lugha yetu wenyewe: fundi, kufundisha, mafunzo na mwanafunzi, yote yatoka katika shina moja, kufunda. Kwa wazee wetu mwenye elimu na mwenye kazi ya mikono hawakutengwa hata kwa jina. Kijana wa Lamu aliyetaka kuchora milango alikwenda kukaa na fundi, akafagia karakana, akanoa patasi za watu, akatazama, hata siku moja akapewa ubao wake. Katika kufagia kule alijifunza pia namna ya kupatana bei, kumridhisha mteja mkali, na kuitimiza ahadi ya siku. Na binti naye alikuwa na somo wake, mwanamke mzima wa kumfunda mambo ya nyumba na ya watu. Nalo neno hilo hilo ndilo twalitumia leo kwa kipindi cha hesabu.

Basi yale mafunzo ya zamani yametutoka, na skuli haikuyapokea. Baba yuko kazini tangu alfajiri, ami yuko Ghuba, fundi ameajiri vibarua wala hachukui wanafunzi, na kijana ashinda darasani hata jioni. Nyumba yasema skuli itamfunza. Skuli yasema nyumba itamfunza. Kijana yu katikati.

Wala si kwamba jambo hili halikupata kufikiriwa hapa Pwani. Taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, ambayo wengi huijua kwa herufi zake MIOME, ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951, na makusudio yake yalikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki ufundi wa kisasa. Mwaka 1966 ikawa Mombasa Technical Institute, mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, mwaka 2007 ikawa chuo kishiriki cha chuo kikuu, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Majengo yake yenye kuba na mnara twapita mbele yake kila siku. Walakini ni wangapi katika sisi waliomwambia mtoto wao, kwa furaha na si kwa masikitiko, "Nenda pale ukasome umeme"? Tulio wengi tulitaka karani, na hata leo twataka karani, ijapokuwa kazi ya karani yafanywa na mashine.

Serikali nayo imejaribu mara mbili. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikusudiwa umtoe mtoto na kazi mkononi: kilimo, useremala, sayansi ya nyumbani. Wazee walichangishwa fedha za karakana, na karakana nyingi zikajengwa zikabaki bila vifaa. Kisha masomo yale yakapunguzwa. Mtaala mpya wa umilisi ulianza kufundishwa nchini kote mwaka 2019, na wanafunzi wake wa kwanza waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, wakigawanywa katika njia tatu: sayansi na ufundi, masomo ya jamii, na sanaa na michezo. Twautakia mtaala huu mafanikio. Lakini hatuoni kwamba yatupasa kukaa barazani tukangoja kuona kama karakana za safari hii zitapata misumeno. Yako mengi yasiyotaka karakana. Yataka meza, kalamu, na mtu mzima mmoja mwenye subira.

Tuanze na hiyo barua. Barua ya kazi yajibu maswali manne tu: wataka kazi gani, umejuaje kwamba iko, umefanya nini kinachokufaa kwa kazi hiyo, na utapatikana wapi na lini. Nusu ukurasa watosha. Kwa kuwa aghalabu hutakiwa kwa Kiingereza, vijana wengi hukimbilia maneno makubwa ya kuazima, na maana ikapotea humo. Sisi tumeona yafaa kijana aandike kwanza kwa Kiswahili, ajue asemalo, ndipo aligeuze. Asiyejua atakalo kwa lugha ya mamake hatalijua kwa lugha ya mwengine.

Ama mahojiano, hapa pana jambo kubwa kuliko barua, nalo latuhusu sisi watu wa Pwani khasa. Mtoto wetu amelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, kuzungumza kwa sauti ya chini, na kutojisifu, kwani kujisifu kwetu ni aibu. Malezi haya ni mema wala hatutaki yavunjwe. Lakini aingiapo katika chumba cha mahojiano, akaulizwa, "Tueleze kwa nini tukuchukue wewe," hutazama zulia akasema, "Mimi niko tayari kwa kazi yoyote." Waulizaji nao, ambao hawajui adabu hii ilikotoka, humwandika kwamba hana hamu au ana jambo alificha. Tumemwona kijana aliyekuwa mtegemewa wa duka zima la jamaa zake akarudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu hiyo tu.

Dawa yake si kumfunza ufidhuli. Tumfunze kwamba kujisifu ni mbali na kutoa ushahidi ni mbali. Anayesema, "Mimi ni hodari sana, mwaminifu sana," amejisifu. Anayesema, "Nimeshika daftari ya duka la ami yangu miaka miwili, na kila jioni nilihesabu fedha tukalinganisha na daftari," ametoa ushahidi, na sifa atapewa na msikilizaji mwenyewe. Amtazame anayemuuliza kwa upole kama amtazamavyo mwalimu anapojibu swali, aseme alilolifanya, kisha anyamaze. Twawazoeza vijana hivi, mmoja akiwa muulizaji na mmoja muulizwaji, na mara ya kwanza wote hucheka. Mara ya tatu hawacheki. Jambo la saa nalo tulitaje, ijapokuwa laudhi: kuna waliolifanya neno "Inshallah" kuwa mto wa kulalia. Aliyesema Inshallah saa mbili, na awe mlangoni kabla ya saa mbili.

Kisha kijana akapata kazi. Hapo ndipo apotezapo zaidi, kwa kutojua. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe. Muda wa majaribio usizidi miezi sita, wala usiongezwe illa kwa ridhaa ya mfanyakazi. Mfanyakazi ana haki ya siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na akitimiza miezi kumi na miwili apate likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mshahara kamili. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi, sheria humhesabu kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Na anayeondoka kazini, ikiwa alikaa majuma manne mfululizo au zaidi, ana haki ya kupewa hati ya utumishi yenye kueleza alifanya kazi gani na tangu lini hata lini. Twamjua mtu aliyebeba mizigo katika ghala moja miaka minane kwa maneno ya mdomo. Ghala lilipofungwa alitoka bila hata kipande cha karatasi cha kuonyesha kwamba aliwahi kufika pale. Hatumtaji mwenye ghala. Yamkini kama angaliombwa hati angaliitoa. Hakuna aliyejua kwamba huombwa.

Hati ya mshahara nayo twaifanya kuwa somo la hesabu, na ni somo lipendwalo kuliko yote. Chukueni mshahara wa shilingi 20,000. Kwa viwango vinavyotumika tangu mwisho wa mwaka 2024, NSSF hukata asilimia 6, yaani shilingi 1,200. Bima ya afya asilimia 2.75, yaani shilingi 550. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani shilingi 300. Jumla ya makato ni 2,050, na zabaki 17,950. Kodi ya mapato haimfikii, kwa sababu kilichobaki hakikuzidi 24,000. Kijana ajuaye hesabu hii, akipokea 16,000, atauliza kwa adabu elfu moja mia tisa na hamsini imekwenda wapi. Asiyejua atasema, "Serikali imekula," akanyamaza, na huenda aliyekula si serikali.

Tena twawauliza: katika hizo 17,950, chumba ni ngapi, nauli ni ngapi, mama apata ngapi? Wengi hugundua kwamba tarehe ishirini hawana kitu, na ndipo mikopo ya simu huingia. Hukumu ya riba wasomaji wetu waijua, hatutairudia hapa. Twaonyesha hesabu peke yake: mwenye kukopa shilingi 1,000 kwa ada ya shilingi 80 kwa mwezi, na akarudia kila mwezi mwaka mzima, amelipa shilingi 960 kwa kuitumia ile ile elfu moja, na elfu yenyewe bado aidaiwa. Kijana mmoja alipoliona hili ubaoni alitoa simu yake akatoka nje. Aliporudi hakusema kitu, nasi hatukumuuliza.

Yako na madogo ambayo watu wazima hudhani kila mtu ayajua: kutengeneza kitambulisho mara tu atimizapo miaka 18, kupata namba ya kodi ya KRA, kuweka nakala za vyeti mahali zaidi ya pamoja. Mvulana kupika wali wake na kufua nguo zake. Msichana kubadilisha fyuzi na kujua maji ya tangi hufungwa wapi. Mzee mmoja alitulalamikia kwamba twawafunza wavulana kupika. Tulimwuliza alipokuwa baharia alipikiwa na nani, akacheka, na juma lililofuata akamleta mjukuu wake.

Na wale wenye mikono yenye ujuzi lakini hawana cheti, wasidhani mlango umefungwa. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi ya daraja tatu, na aliyejifunza kwa kutazama fundi mtaani aweza kuufanya wa daraja la tatu, kisha akapanda. Seremala, fundi bomba, fundi wa magari, mshoni: hawa wote wana njia hapo.

Yatupasa kukiri kosa letu. Tulipoanza masomo haya tuliwaita vijana tukawahutubia saa mbili. Tulisema mengi na mazuri, na juma la pili wakaja nusu yao. Tulidhani kwamba hawana shauku. Ndipo mwanamke mmoja mshoni, aliyekuwa akisikiliza upande wa pili wa pazia, akatwambia: "Mimi simfunzi mtu kushona kwa kumweleza cherehani. Namkalisha." Tangu siku ile hotuba ni dakika kumi, na saa iliyobaki kila mmoja ana karatasi mbele yake.

Zoezi la juma hili basi ni hili. Kila kijana aandike barua ya nusu ukurasa kuomba kazi anayoijua kuwa iko kweli katika mji huu, aisome mbele ya mzazi au mlezi wake, na mlezi aandike chini yake swali moja ambalo barua haikulijibu. Barua zote mbili, ya kwanza na ile iliyosahihishwa, ziletwe darasani pamoja.