SOMO LA VIKUNDI: ALIYEBEBWA MGONGONI HAJUI MAWE YA MTO

Mwezi huu tunajifunza juu ya kujiendeleza na kuwa na moyo wa kujiamini. Anayesoma kwa sauti asome polepole. Akisikia watu wameanza kunong'onezana, asimame kidogo awaulize wanasema nini, kwa maana mara nyingi somo lenyewe liko huko.

Nimefungua vitabu vingi vya mahesabu vya vikundi vyetu. Juu ya jalada kuna jina, na jina karibu kila mara ni la nia, la tumaini au la kujitegemea. Chini yake mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: Penye nia pana njia. Ni methali nzuri, siipingi. Lakini mimi niliwahi kuitumia vibaya, na nitaanza na kosa hilo kabla sijawafundisha ninyi kitu.

Ni miaka mingi sasa. Nilikuwa nimetoka semina, moto unawaka ndani. Huko tulifundishwa kwamba mtu akiamini anaweza, basi anaweza. Na kwamba umaskini unaanza kichwani. Nikaja kwa kikundi kimoja cha akina mama, sitakitaja, nikawasimamisha wote na kuwaambia waseme kwa sauti: "Mimi naweza!" Walisema. Walipiga makofi, wakaimba, na mimi nikajiona mwalimu kweli kweli. Kabla ya mwezi kwisha walikuwa wamechukua mkopo na kununua vifaranga 200 vya kuku wa mayai.

Hakuna aliyeuliza maji yatatoka wapi mwezi wa nane. Hakuna aliyeuliza chakula cha kuku kikipanda bei itakuwaje, wala nani atachanja dhidi ya mdondo na chanjo itawekwa wapi ikae baridi. Mimi pia sikuuliza. Kuuliza kulionekana kama kukosa imani. Ugonjwa ulipoingia ulifagia banda kwa siku chache tu, lakini deni halikufa na kuku. Mama mmoja mjane aliuza mbuzi sita ili kulipa sehemu yake, na hao mbuzi ndio waliokuwa karo ya shule. Katika mkutano uliofuata alisimama akaniambia, bila hasira, "Mwalimu, ulituambia tuamini. Tuliamini. Sasa mbuzi wangu wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimaliza chai yangu nikapanda matatu.

Basi je, tuache kufundisha watu kujiamini? Hapana. Maana upande ule mwingine pia nimeuona, na una hasara yake. Kuna ule msemo wetu, "Sisi ni watu wa ukame." Mtu akishasema hivyo, mazungumzo yameisha. Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo tunazozitegemea zaidi, zinamkuta hajachimba hata shimo moja la kuvuna maji, kwa sababu mwaka jana zilipotea na mwaka juzi pia. Ndengu anapanda kwa kuchelewa, halafu anasema, "Si niliwaambia?"

Lakini tusiwe wepesi wa kumwita mtu huyo mvivu. Bwawa la Kiambere lilipojengwa, maelfu ya watu walihama kupisha maji. Umeme ulianza kutoka hapo mwaka 1988, na kwa miaka mingi sana nyaya zilipita juu ya nyumba za watu waliokuwa wakiwasha koroboi. Mtu aliyekulia chini ya nyaya hizo amejifunza jambo: kwamba mambo makubwa hupita juu yake, yakienda kwa wengine. Hilo si fikira mbaya aliyozaliwa nayo. Ni kitu alichokiona kwa macho. Ukija kumwambia abadilishe mawazo tu, atakutazama hivi, na ana haki.

Sasa tufanye mchezo. Si wangu. Umetoka katika mafunzo ya DELTA, yaliyoanzishwa hapa Kenya mwaka 1974 na Anne Hope na Sally Timmel wakifanya kazi na Kanisa Katoliki, wakifuata mawazo ya mwalimu wa Brazil, Paulo Freire. Wazee kadhaa kati yenu waliwahi kuucheza. Choreni mistari miwili ya majivu chini, hiyo ndiyo kingo za mto. Semeni ni Tana, hakuna asiyeujua. Katikati wekeni vipande vya karatasi kuwa mawe ya kukanyagia, na kigoda kimoja kuwa kisiwa. Watu wawili wanafika wakitaka kuvuka, wanaogopa. Wa tatu anakuja, anayajua mawe. Wa kwanza anamwomba ambebe, naye anambeba mgongoni. Kufika katikati amechoka, anamweka juu ya kile kigoda. Anarudi kumchukua wa pili. Huyu naye anataka mgongo, lakini mwenye kujua anakataa: anamshika mkono, anamwonyesha jiwe la kwanza, la pili. Kufika nusu ya njia yule wa pili anauachia mkono na kwenda mwenyewe. Wanafika ng'ambo wanashangilia, wanaondoka. Na yule wa kigoda anapiga kelele, wamekwisha kumsahau.

Mchezo usiwe na maneno, ni vitendo tu. Halafu mwongozaji aulize: Mmeona nini? Mambo haya hutokea wapi hapa kwetu? Kwa nini? Asijibu yeye. Hata kimya kikiwa kirefu, avumilie.

Nilipouongoza mara ya kwanza niliuliza anayebeba watu ni nani. Walisema ni serikali, ni mheshimiwa, ni mashirika yale ya magari meupe. Halafu mzee mmoja aliyekuwa amenyamaza muda wote akasema, "Ni wewe mwalimu. Kuku ulitubeba nao mpaka katikati." Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri.

Tazameni vizuri yule aliyevuka. Hakuvuka kwa sababu alijiambia anaweza. Alivuka kwa sababu alikanyaga jiwe la kwanza likamshika, na hapo moyo ukaja. Akakanyaga la pili moyo ukazidi. Kujiamini kulikuja nyuma ya mguu, hakukutangulia. Tena tazameni mawe. Moyo hauumbi mawe. Mahali pasipo na kisima, pasipo na barabara wala soko la karibu, usimlaumu jirani yako kwamba hana moyo. Hapo kazi ya kikundi ni kwenda barazani na kwenye ofisi za kaunti kuyadai mawe, na huko nako kunahitaji watu waliojifunza kusema wakiwa wamesimama.

Niwapeleke mbali kidogo, mpaka Lomé, mji mkuu wa Togo. Watafiti walichukua biashara ndogo 1,500 wakazigawa mafungu matatu ya 500. Fungu moja halikufundishwa kitu. La pili lilifundishwa yale ya kawaida: kuweka hesabu, kutafuta wateja, kusimamia pesa. La tatu lilifundishwa mwenendo wa mtu mwenyewe: kuanza jambo bila kusukumwa, kutazama mbele, kuona nafasi ambayo wenzake hawaioni, na kushikilia shida ikija. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Walipofuatiliwa kwa miaka zaidi ya miwili, faida ya fungu la tatu ilikuwa imepanda kwa asilimia 30 kuliko ya wale wasiofundishwa. Fungu la mahesabu lilipanda kwa asilimia 11, na watafiti wenyewe walisema hiyo 11 huwezi kuitofautisha na bahati tu.

Ati sasa tuchome vitabu vya mahesabu? Wacha! Wale walikuwa na biashara tayari, tena mjini penye wateja. Na hawakufundishwa kusema "Mimi naweza" kwa sauti. Walifundishwa kupanga: ninataka nini, nitaanza lini, ni kitu gani kitanizuia, na mlango huu ukifungwa nitapitia wapi. Hayo maswali mawili ya mwisho ndiyo niliyoyaacha siku ile ya kuku. Nilidhani mtu anayefikiria shida ana mawazo mabaya. Kumbe anayefikiria shida mapema, halafu akaipangia, ndiye mwenye tumaini la kweli.

Nitawapa mfano wa hapa nyumbani, mti wa mukau. Wote mnaujua: hauogopi ukame, mchwa hawauwezi, na mbao zake hulinganishwa na mahogani. Siku hizi unapandwa kwa wingi hapa Kiambere, na mtu akiutunza anaweza kuukata baada ya miaka kama 10 hadi 15. Lakini wangapi wameweka mbegu zake ardhini na kumwagilia kwa moyo wote, wakangoja, wakakata tamaa? Mbegu ya mukau imefungwa ndani ya kokwa gumu kama mfupa. Mbuzi hula tunda, kokwa linabaki zizini vile vile. Ili ikuote lazima uvunje kokwa kwa uangalifu utoe punje, ukate ncha yake kidogo, uiloweke usiku kucha, uchanje ganda lake jembamba kwa wembe bila kuumiza kilicho ndani, ndipo uipande kwenye mchanga na kuifunika. Hata hivyo nyingine hazioti. Watu wa KEFRI kule Kitui wamefundisha wakulima kazi hii kwa miaka mingi, na anayetaka kujifunza ataonyeshwa.

Yule mama mjane hakungoja mimi nimfundishe. Alikuwa ameacha kuja mikutanoni, na sikumlaumu. Siku moja nilipita kwake nikamkuta ameketi chini ya mwarobaini na wembe mkononi, anachanja punje moja moja. Alikuwa amemwomba jirani yake amwonyeshe. Ya kwanza alipanda punje 20, zikaota 3. Hakuuza hata kitu kimoja nyumbani kufanya hivyo, na ndiyo maana zile 17 hazikumuumiza. Akarudi kwa jirani akauliza alikosea wapi. Akaambiwa anaingiza wembe ndani sana.

Nilimuuliza kama sasa ana moyo wa kujiamini. Akasema, "Nina miche 60. Ikifika mvua nitajua."

Kazi ya kikundi kabla ya mkutano ujao: kila mtu achague jambo moja dogo ambalo likiharibika halitachukua mbuzi wala karo. Aandike, au amwambie karani amwandikie, ataanza siku gani, kitu gani kinaweza kumzuia, na kikimzuia atafanya nini. Kisha ataje jina la mtu mmoja wa karibu anayelijua jambo hilo kuliko yeye, na aende akamuulize kabla ya kutoa shilingi. Wenye mikopo sasa hivi walete karatasi zao, tuzisome pamoja mstari kwa mstari, hata ile sehemu ya maandishi madogo. Na mchezo wa mto mtaurudia, safari hii yule wa kwenye kigoda aambiwe aseme anachotaka.