Mpaka wa Mchezo na Maisha: Kanuni za Uigizaji Mtandaoni



Sisi tuishio mipakani twaujua mpaka kuliko wanaokaa mbali nao. Mtu wa Busia huvuka mstari mmoja tu, akajikuta chini ya sheria nyingine, sarafu nyingine na askari wengine, ingawa mji ungali unaitwa Busia. Katika somo hili twautazama mpaka wa aina nyingine, ambao vijana wetu huuvuka bila kuondoka kitini: mpaka uliopo baina ya mhusika wa mchezo na mtu anayemwigiza.

Mchezo wenyewe

Katika mchezo wa kuigiza mtandaoni, kila mchezaji huchagua uhusika wake, kama vile daktari, dereva wa teksi, askari au mwizi, kisha huishi na wenzake katika mji wa kubuni, wakizungumza kwa sauti au kwa maandishi. Mfano unaojulikana sana ni Grand Theft Auto V, uliotolewa mwaka 2013. Kwa programu iitwayo FiveM, watu binafsi hufungua seva zao, wakatunga kanuni na kuteua wasimamizi. Barani Ulaya mchezo huo umewekewa alama ya watu waliotimiza miaka 18; mzazi na alijue hilo kwanza.

Kanuni sita

Seva zenye utaratibu hutofautiana kwa maneno, lakini kanuni zao kuu hufanana:

1. Baki katika uhusika wako mchezo unapoendelea.
2. Usitumie mchezoni habari uliyoipata nje. Rafiki akikunong'oneza kwa simu mahali genge lilipojificha, mhusika wako bado hajui.
3. Usishambulie wala kuua bila sababu itokanayo na hadithi.
4. Usimlazimishe mwenzako matokeo. Mpe nafasi ya kujibu.
5. Mhusika wako na authamini uhai wake. Aliyeelekezewa bunduki haanzi kutukana na kucheka.
6. Ugomvi wa wahusika usiwe ugomvi wa wachezaji. Na jina halisi, makazi, picha au namba ya simu ya mtu visitangazwe.

Anayevunja tano za kwanza hufukuzwa katika seva, na mambo yakaishia hapo. Anayevunja ya sita aweza kufika mahakamani. Kijana anayeigiza wizi wa benki hana kesi nasi, kwa kuwa hakuna benki iliyoibiwa. Lakini anapomtumia mchezaji mwenzake vitisho vya kumfuata nyumbani kwake, ameuvuka mpaka, na upande ule wa pili sheria ya nchi ndiyo inayotawala.

Hasira iliyotoka mchezoni

Tukio la Marekani latufunza jambo hili, ijapokuwa mchezo uliohusika ulikuwa wa vita, Call of Duty, wala si wa kuigiza. Mwezi Desemba 2017, wachezaji wawili waligombana kwa ajili ya dau la dola moja na nusu. Mmoja akamwomba mtu wa tatu, aliyekuwa Los Angeles, awapigie polisi wa mji wa Wichita simu ya uongo. Huyo alidai kwamba ameua mtu na kuwashikilia wengine mateka, kisha akataja nyumba ambayo mlengwa hakuwa akiishi tena. Polisi walifika, na mtu wa miaka 28, asiyehusika kabisa na ugomvi ule, akapigwa risasi mlangoni pake akafa. Mpiga simu alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2019. Mfiwa hakuambiwa, wala hangeweza kuambiwa, kwamba ulikuwa mchezo tu.

Kwetu mipakani

Hatari zilizo karibu nasi zina sura nyingine. Gari la mchezoni likiuzwa kwa pesa za simu, na muuzaji akatoweka baada ya kulipwa, huo ni ulaghai. Anayeingia katika akaunti ya mwenzake kwa neno la siri aliloliiba ametenda kosa. Na mhusika mwenye sauti ya kirafiki anayemwambia binti, "Vuka uje ng'ambo, kuna kazi nzuri," ni mtu asiyejulikana anayemwita mtoto wetu nje ya nchi. Hatuna budi kumchukulia hivyo.

Wala mtu asidhani kwamba kosa hupotea likishavuka mpaka. Uganda ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018.

La kufanya

Kijana, ukitishwa au ukitapeliwa, usilipize wala usifute ujumbe. Piga picha ya skrini, andika jina la akaunti, tarehe na saa, kisha mwarifu msimamizi wa seva na mtu mzima unayemwamini. Akikuomba picha za mwili wako au akikuita mkutane, usimjibu tena, na ulete habari kituoni.

Mzazi, usianze kwa kuizima kompyuta. Mwulize mwanao anaigiza nani, anacheza na nani, na kanuni za huko ni zipi. Mtoto anayeogopa kunyang'anywa simu huficha hata jambo ambalo angepaswa kulisema.

Namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bila malipo Uganda, Kenya na Tanzania. Jirani wa upande wowote aweza kuitumia.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Kati ya kanuni sita, ni ipi inayofanana na desturi za kijiji chetu tunapoketi kucheza bao au karata?
2. Kijana ametukanwa mchezoni na mhusika wa jirani yake, na asubuhi wakakutana sokoni. Afanye nini?
3. Katika nyumba yako, mtoto akitishwa mtandaoni usiku wa leo, atamwambia nani kwanza?

Swali la tatu tungependa kila mzazi alijibu mbele ya watoto wake, kabla hawajaingia tena mchezoni.